Uzoefu wangu na tiba kwa vitendo kwa mtoto anayezidiwa na kelele na miguso

Mwanangu ana miaka sita na yuko darasa la kwanza hapa Arusha. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya mzazi ambaye ameshaambiwa kila kitu juu ya mtoto wake, kwamba ni mtundu, kwamba amedekezwa, kwamba hana adabu, na bado haelewi kwa nini mtoto huyo huyo anayecheza vizuri uani huangua kilio anapovalishwa sweta la shule. Huduma ninayoizungumzia ni tiba kwa vitendo, yaani tiba inayomsaidia mtu kumudu shughuli zake za kila siku, ambayo wazazi wengi tunaiita OT, kifupi cha jina lake la Kiingereza, occupational therapy. Tuliipata katika kituo cha binafsi kinachohudumia watoto, kwa mtaalamu aliyesomea Moshi, katika chuo kilichopo hospitali ya KCMC. Nimeridhika nayo kwa kiasi kikubwa, hasa kwa sababu mtaalamu huyo alitumia muda mwingi kutufundisha sisi wazazi kumsoma mtoto kuliko alivyotumia kumnyoosha mtoto mwenyewe.

Dalili zilikuwa nyingi, na zilionekana kupingana. Mlio wa blenda, kengele ya shule na vipaza sauti vya mikutano ya injili vilimfanya azibe masikio na kuingia chini ya meza. Mlenda haukupita mdomoni, wala uji wenye mabonge. Lebo ya shati ilibidi ikatwe, na hata baada ya kukatwa alilalamikia uzi uliobaki. Lakini mtoto huyo huyo alijirusha kutoka kwenye kochi hadi sakafuni kwa makusudi, alijibamiza ukutani akicheka, na alimkumbatia mdogo wake kwa nguvu mpaka mdogo akalia. Bibi yake alisema tumemlea kwa kumbembeleza mno, na shuleni tuliandikiwa kwamba hatulii na hasikii anapoitwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mambo haya yote yanaweza kuwa na chanzo kimoja.

Kabla ya kumgusa mtoto, mtaalamu alitaka kuona majibu ya kipimo cha masikio na cha macho, na jambo hilo lilinipa imani naye. Mtoto asiyesikia vizuri anaweza kuonekana mkaidi, na hakuna bembea itakayomsaidia kama tatizo lake ni usaha sikioni. Majibu yalipoonyesha kwamba anasikia na kuona vizuri, ndipo tulipoketi naye kujaza dodoso refu kuhusu maisha ya kila siku: anavyokula, anavyolala, anavyooga, anavyokatwa kucha, anavyotembea peku kwenye nyasi, na kila jambo hutokea mara ngapi. Mke wangu alijaza lake na mimi langu, kisha mwalimu wake akajaza la shule. Majibu ya mwalimu yalitofautiana na yetu kwa mengi, na tofauti hiyo nayo ilikuwa taarifa muhimu, kwa kuwa darasa lenye watoto wengi lina kelele na msongamano ambao nyumbani kwetu haupo.

Maelezo aliyotupa baada ya hapo ndiyo ninayoyathamini zaidi. Alisema ubongo haupokei taarifa kutoka milango mitano ya fahamu tuliyofundishwa shuleni pekee. Sikio la ndani huhisi mwendo na mizani ya mwili. Misuli na maungio huueleza ubongo mkono uko wapi na unatumia nguvu kiasi gani. Na kutoka ndani ya mwili huja taarifa za njaa, kiu na haja. Kwa watoto wengine baadhi ya taarifa hizi hupokelewa kwa ukali kuliko zilivyo, na nyingine hupokelewa kwa udhaifu, ndiyo maana mtoto mmoja anaweza kuikimbia sauti ya kengele na wakati huo huo kuutafuta mgongano wa ukuta, ambao huipa misuli yake taarifa inazozikosa. Mtazamo huu uliasisiwa na Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kwa vitendo na mwanasaikolojia wa Marekani, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza kuuhusu mwaka 1972. Niliposikia hivyo niliacha kuuliza kwa nini mtoto ananifanyia hivi, nikaanza kuuliza mwili wake unakabiliana na nini.

Chumba cha tiba ni cha kawaida: bembea iliyoning'inizwa darini, magodoro mazito sakafuni, mpira mkubwa, ngazi ya kamba na beseni lililojaa maharage makavu yenye vitu vidogo vilivyofichwa ndani. Ukiingia bila maelezo utadhani umelipia michezo. Lakini mtaalamu hakuwahi kumlazimisha mtoto kutia mkono kwenye maharage. Alimpa kijiko kwanza, akamwacha achote, akasubiri mpaka mtoto mwenyewe alipokitupa kijiko akachimba kwa vidole kumtafuta simba wa plastiki. Mara mabega yake yalipoanza kupanda, shughuli ilibadilishwa. "Baba Junior, tazama mabega, usitazame uso," aliniambia. "Mabega yanatangulia kilio."

Kunyolewa kulikuwa mateso kwa familia nzima, kwa hiyo tuliomba kuwe lengo letu la kwanza. Mtaalamu alituonyesha kwamba mguso mwepesi ndio unaomsumbua zaidi, na kwamba mgandamizo mzito na wa taratibu humtuliza. Tulianza nyumbani kwa kumbana kichwa kwa viganja viwili kabla ya kuoga, kwa kadiri alivyotaka yeye. Kisha tuliazima mashine ya kunyolea kwa kinyozi, akaishika ikiwa imezimwa, halafu ikiwa imewashwa akaiweka gotini ausikie mtetemo pale ambapo yeye mwenyewe aliweza kuuondoa. Kinyozi wetu, kijana muungwana, alikubali kumpokea asubuhi kabla redio haijawashwa, na kumwambia kila anapohama upande mmoja wa kichwa kwenda mwingine. Siku hizi ananyolewa akiwa amekaa. Bado anakunja uso, na anataka afutwe nywele shingoni mara moja kwa taulo kavu, lakini analala vizuri usiku wake.

Programu ya nyumbani haikuhitaji vifaa vya kununua. Kabla ya shule anabeba ndoo ndogo ya maji kwenda kumwagilia mboga, anasukuma ukuta kwa mikono miwili, na siku za mapumziko anakanda unga wa chapati na mama yake. Kazi zinazoipa misuli mzigo humtuliza kuliko maneno yetu yote. Sweta anavaa juu ya fulana laini ya pamba iliyogeuzwa ili mishono isimguse. Shuleni mwalimu alikubali kumhamisha kutoka karibu na mlango, kumpa kazi ya kugawa madaftari pale anapoanza kuhangaika, na kumwashiria kabla kengele haijalia. Namshukuru kwa dhati, maana ana darasa kubwa na hakulazimika kufanya lolote kati ya hayo.

Kuna tahadhari ambayo mzazi anastahili kuijua mapema. DSM-5, mwongozo wa utambuzi wa matatizo ya akili uliotolewa Marekani mwaka 2013, hauitambui hali hii ya kupokea taarifa za fahamu kwa ukali au kwa udhaifu kama ugonjwa unaojitegemea, ingawa unautaja mwitikio usio wa kawaida wa fahamu miongoni mwa vigezo vya usonji (autism). Mwaka 2012 chama cha kitaifa cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba tiba ya aina hii inaweza kutumika kama sehemu ya mpango mpana wa matibabu, lakini wazazi waelezwe kuwa ushahidi wa kisayansi kuhusu manufaa yake bado ni mdogo. Mtaalamu wetu alitueleza hivyo bila kuulizwa. Kituo kingine tulichokitembelea kabla ya hapo kilituahidi kwamba mtoto atapona kabisa, na kikatutaka tununue fulana ya uzito kabla hata hajapimwa. Ahadi ya namna hiyo inatosha kumfanya mzazi aondoke. Mtaalamu mwaminifu huandika malengo yanayoonekana, kwa mfano kukaa mezani mpaka chakula kiishe au kuvaa sare bila kilio, na baada ya muda mliokubaliana hurudi kuyapima nanyi. Kama hakuna mabadiliko, anabadilisha njia au anawaambia mwache.

Kwa upande wetu si kila kitu kimebadilika. Mlenda bado haupiti, na vipaza sauti bado vinamfukuza, ila sasa anakuja kuomba kizuia sauti cha masikioni badala ya kujificha. Gharama pia inauma, kwa sababu kila kipindi kinalipiwa, na ni busara kuiuliza bima yako kwa maandishi kama inagharamia tiba hii kabla ya kuanza. Jambo ninalolipunguzia kituo alama ni kwamba ripoti ya kwanza ilikuja kwa Kiingereza kizito ambacho bibi yake, anayeshinda na mtoto mchana kutwa, asingeweza kukisoma. Tulipoomba, mtaalamu aliandika upya programu ya nyumbani kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, na tangu hapo bibi ndiye anayesimamia ndoo na chapati kwa ukamilifu kuliko sisi.

Mzazi anayetaka kuanza aanzie kliniki ya watoto ya hospitali iliyo karibu, apimishe masikio na macho, kisha aombe rufaa ya kumwona mtaalamu wa tiba kwa vitendo mwenye usajili. Aombe miadi ya asubuhi, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuchoshwa na kelele za siku nzima hapimiki vizuri jioni, na abebe video fupi za simu zinazoonyesha mtoto akiwa nyumbani, kwani siku ya kwanza kituoni watoto wengi hutulia kuliko kawaida yao.