Mizani zinazosoma mafuta ya tumboni: uzito ziamini, ile namba nyingine usiitegemee

Mizani za nyumbani zenye vibati vinne vya chuma vya kukanyagia zinauzwa kila mahali, na wengi huzinunua kwa ajili ya namba moja: kiwango cha mafuta yaliyozunguka viungo ndani ya tumbo. Kwa uzito, ni nzuri. Kwa mafuta ya mwili mzima, ni za wastani. Kwa namba hiyo ya tumbo, tunazipa alama ya chini.

Kasoro iko kwenye njia ya umeme. Mkondo hafifu hupanda mguu mmoja na kushukia mwingine, kwa hiyo sehemu kubwa ya tumbo haipitiwi kabisa. Pengo hilo huzibwa na hesabu inayotumia umri, jinsia, urefu na uzito. Ukitaka kuhakikisha, ongeza miaka 20 kwenye umri uliojaza, kisha panda tena: kwa kawaida namba itabadilika, ingawa tumbo ni lile lile. Vipimo navyo havifanani. Mizani za kampuni ya Tanita huhesabu 1 hadi 59 na huonya kuanzia 13. Za kampuni ya Omron huishia 30 na huonya kuanzia 10. Ukisoma 11, kwa mmoja uko salama, kwa mwingine umeshavuka mpaka.

Inasikitisha, kwa sababu kinachopimwa ni kitu kizito. Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi, na madhara yake ni madogo zaidi. Yale yaliyoshikamana na utumbo humwaga damu yake kwenye vena potali, inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Seli za mafuta hayo huachia asidi za mafuta kwa wepesi, hata insulini, homoni inayoshusha sukari, inapozizuia. Ini likijaa mafuta huacha kuitii insulini: huendelea kutoa sukari wakati haihitajiki, na hupeleka trigliseridi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu huku kolesteroli nzuri ikishuka. Seli za kinga zinazojikusanya ndani ya mafuta hayo ya tumboni hutoa kemikali za uchochezi kama IL-6, na adiponektini, homoni inayoisaidia insulini, hupungua. Kongosho huongeza insulini kufidia. Likishindwa, kisukari cha aina ya 2 huingia. Ndiyo maana mtu mwenye mikono na miguu myembamba lakini ana kitambi hapaswi kujiona salama kwa kuwa uzito wake ni wa kawaida.

Futi ya fundi cherehani inaishinda mizani hii. Tafuta ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho na kilele cha mfupa wa nyonga, kisha pima katikati yake. Futi ilale sambamba na sakafu, iguse ngozi bila kuibonyeza, na usome baada ya kutoa pumzi kawaida. Kosa kubwa ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa, chini ya kitambi, ambako kipimo hutoka kidogo. Kiuno kisifike nusu ya urefu: mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85. Uwiano wa 0.5 hadi 0.59 ni hatari iliyoongezeka, 0.6 kwenda juu ni hatari kubwa. Futi haitenganishi mafuta ya ndani na ya chini ya ngozi (kazi hiyo ni ya CT au MRI, mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili), lakini ukivuka nusu una sababu ya kutosha ya kupima presha, trigliseridi na sukari kabla ya kula. Sukari ya 5.6 mmol/L au zaidi, trigliseridi 1.7 au zaidi, na presha ya 130/85 kwenda juu ni dalili za kumwona daktari.

Kama mizani unayo tayari, panda asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya kula, miguu mitupu, juu ya sakafu ngumu. Upungufu wa maji mwilini huipandisha asilimia ya mafuta. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiipande kabisa. Na ukianza kutembea kwa kasi au kukimbia, pima kiuno pia: mazoezi hupunguza mafuta ya ndani hata uzito usipobadilika, na mizani peke yake inaweza kukukatisha tamaa wakati ambapo kazi inaendelea vizuri.