Kadi za Grafiki za Kompyuta Mpakato kwa Gemu za Skrini Tatu: Ipi Itangulie, Ipi Uiache

Mtu anayetaka kucheza gemu za mbio za magari au za kurusha ndege kwa skrini tatu zilizopangwa ubavu kwa ubavu huanza kwa kuuliza jina la kadi ya grafiki, na muuzaji humsomea lile lililo kwenye stika. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: matundu ya kuchomekea skrini yameunganishwa na nini ndani ya mashine?

Kompyuta mpakato nyingi za gemu zina grafiki za aina mbili, yaani zile zilizomo ndani ya prosesa na kadi yenyewe ya NVIDIA au AMD. Mara nyingi tundu la HDMI huunganishwa moja kwa moja na kadi, ilhali tundu la USB-C, hata likiwa na uwezo wa kupitisha picha, linaweza kuwa limeunganishwa na prosesa. Mfumo wa NVIDIA Surround, ambao huifanya gemu izione skrini tatu kama skrini moja pana, hudai zote ziwe chini ya kadi. Moja ikibaki kwa prosesa, mpango mzima umekwama. Swichi ya MUX, yaani ile inayochagua skrini ipokee picha kutoka kwa kadi au kwa prosesa, inayotajwa sana kwenye matangazo, huhusu hasa skrini ya mashine yenyewe, hivyo isikupumbaze.

Uhakiki wake dukani ni rahisi. Chomeka skrini katika kila tundu kwa zamu, fungua programu ya mipangilio ya NVIDIA kwenye ukurasa wa Surround na PhysX, kisha utazame mchoro unaoonyesha kila skrini imeshikwa na nani. Muuzaji asiyekuruhusu kuchomeka chochote, muage kwa heshima uende duka la pili.

Baada ya matundu huja hesabu ya pikseli. Skrini tatu za 1920 kwa 1080 zina pikseli 6,220,800, ambazo ni robo tatu ya skrini moja ya 4K. Tatu za 2560 kwa 1440 zina 11,059,200, zinazoizidi 4K kwa theluthi nzima. Mzigo huo ndio unaoamua ukubwa wa kumbukumbu ya kadi, na ndio uliopanga nafasi zinazofuata.

Nafasi ya kwanza naipa RTX 5070 Ti ya NVIDIA ya mwaka 2025, yenye kumbukumbu ya GB 12, pamoja na RTX 4080 ya mwaka 2023 yenye kiasi hicho hicho kwa anayenunua iliyokwisha kutumika. Angalia herufi mbili za mwisho, kwa maana RTX 5070 isiyo na Ti ina GB 8 tu, na katika skrini tatu upungufu huo utauona mapema.

Ya pili ni RTX 4060 au 5060, zenye GB 8, zinazotosha skrini tatu za 1080 kwa mchezaji aliye tayari kupunguza ubora wa vivuli na maakisi. Hapa uliza wati, yaani umeme ambao kadi imeruhusiwa kutumia: RTX 4060 huweza kupangiwa na mtengenezaji kuanzia wati 35 hadi 115, na jina kwenye stika halibadiliki.

RTX 4090 na 5080, zenye GB 16, pamoja na 5090 yenye GB 24, nimeziweka nafasi ya tatu ingawa ndizo zenye nguvu kuliko zote, kwa sababu bei na uzito wake humfaa tu mwenye skrini tatu za 1440. Isitoshe, 4090 ya kompyuta mpakato imejengwa kwa chipu ya AD103, ile ile iliyomo katika 4080 ya kompyuta ya mezani, kwa hiyo usidhani ni sawa na 4090 ya mezani.

Ya nne ni kadi ya nje, iliyo katika kisanduku chake, inayounganishwa na mashine kwa Thunderbolt, njia ya kasi inayopita kwenye tundu la USB-C. Skrini zote huchomekwa kwenye kadi hiyo, kwa hiyo tatizo la matundu huisha, lakini njia ya gigabiti 40 kwa sekunde ya Thunderbolt 3 na 4 huibana kadi kubwa.

Vituo vya USB, yaani visanduku vya kuongezea matundu ya skrini, vinavyotumia teknolojia ya DisplayLink usivinunue kwa kazi hii hata kwa bei ya kutupa. Picha hukandamizwa na prosesa kabla ya kusafirishwa, jambo linalovumilika kwa majedwali ya hesabu na lisilovumilika kwenye kona ya mbio za magari.