Color Tiger: mkanda mpya kwa kamera za 110

Mwenye kamera ndogo ya 110, inayotumia mkanda wa picha (filamu) uliofungwa ndani ya katriji ya plastiki, leo ana njia mbili: kuwinda mikanda ya zamani iliyolala kwenye maboksi ya watu, au kununua mipya ya kampuni ya Lomography. Nunua mpya, na uanze na Color Tiger.

Fujifilm iliacha kutengeneza 110 mwaka 2009. Mkanda uliozeeka hupungua nguvu ya kushika mwanga, kwa hiyo hutaka mwanga zaidi. Mwenye kamera ya milimita 35 hushusha tu ISO, yaani kipimo cha wepesi wa mkanda kushika mwanga, tatizo likaisha. Kamera nyingi za 110 hazina pa kuishusha. Picha hutoka za giza, rangi zimegeuka, zimejaa chembechembe. Na fremu yenyewe ni milimita 13 kwa 17, kama robo tu ya ile ya 35, kwa hiyo kila chembe huonekana. Muuzaji akisema “haijafunguliwa”, hajakwambia kama ilikaa kwenye friji.

Color Tiger ni ya rangi, ISO 200, picha 24, na husafishwa kwa C-41, dawa za kawaida za mikanda ya rangi. Juani ni nzuri sana, rangi zimekolea. Ndani ya nyumba bila flashi utapoteza picha.

Kasoro yake kubwa iko mgongoni. Katika baadhi ya katriji, karatasi inayofunika mkanda hupitisha mwanga wa kidirisha cha nyuma ya kamera, kile cha kusomea namba ya picha, na namba zilizochapwa juu yake hujitokeza katikati ya picha. Ukishapakia tu, bandika kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme juu ya kidirisha. Ukitaka kuona namba, inua ukingo wa tepu ukiwa kivulini, kisha ubandike tena.

Kabla ya kununua mkanda, pima kamera. Nyingi hukataa kufyatua zikiwa tupu, na watu huzitupa wakidhani zimekufa. Ndani kuna kipini kinachotafuta tundu la mkanda, moja kwa kila picha. Fungua mlango wa nyuma, kisukume taratibu kwa kijiti cha meno huku unavuta leva ya kusogeza mkanda, halafu bonyeza kitufe cha kupigia picha. Pentax Auto 110 huvutwa leva mara mbili kwa kila picha, na betri zake mbili za kitufe bado zinapatikana. Kamera ya Kodak Pocket Instamatic 60 iache: inataka betri ya K ya volti 4.5, ambayo haitengenezwi tena.

Mkanda una upana wa milimita 16, kwa hiyo uliza duka la kusafisha picha mapema kama lina gurudumu la tangi la kipimo hicho na kishikio cha kuskani. Baada ya picha ya 24 endelea kuvuta leva mpaka karatasi yote ipite kidirishani. Ukifungua mlango mapema kwa bahati mbaya, funga haraka: iliyoungua ni ile fremu iliyokuwa wazi na labda jirani yake, zilizobaki zimo salama ndani ya katriji.