Fundi wa Mwanjelwa alitaka kuizika kompyuta yangu ikiwa hai

Kama uko Mbeya na unataka kuongeza RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, soma kwanza hii. Duka silitaji, wenyewe watajijua.

Nina stationari Uyole. Msimu wa fomu za mkopo wa chuo ukifika, vijana wanajaa mlangoni: huyu anataka kuskani cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, yule kasahau paswedi, na laptopu yangu ukifungua kurasa chache tu inaganda. Nikaambiwa niongeze RAM, 4GB iwe 8GB. Ushauri mzuri, siupingi hadi leo.

Fundi alinipokea vizuri, hilo nalo niseme. Akafungua mfuniko wa chini, akachomeka kipande kipya pembeni ya kile cha zamani, akafunga. Skrubu moja ikabaki mezani. Nikamwonyesha. "Hiyo si lazima, mama." Haya.

Akawasha. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii. Halafu ikaanza kulia, pii, pii, pii. Akazima, akawasha tena, yale yale. Hakufungua tena mfuniko. Aliegemea kiti, akaniambia, "Mama, mazabodi imekufa. Andaa laki mbili na nusu."

Yaani ile bodi kuu ya ndani. Imekufa saa ngapi? Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimeichapia barua! Nikamuuliza kwa upole kabisa, kama kile alichoweka sasa hivi ndicho kinachosumbua, kwa nini asikitoe tuone. Akageuka, akanitazama kuanzia kanga hadi viatu, akasema mbele ya wateja wake, "Kwani mama umesomea kompyuta?" Wakacheka. Kuna kijana mmoja aliyekuja kununua chaja tu, naye akacheka.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hadi leo. Kukosea kufunga kitu ni jambo la kawaida, ndiyo kazi. Lakini kukataa kutoa kitu ulichokiweka mwenyewe dakika tano zilizopita, halafu kumtangazia mtu msiba wa laki mbili na nusu? Na kabla sijabeba mashine yangu akanitoza buku tano "ya kupima". Kupima nini? Alibonyeza swichi, basi.

Nyumbani nikampa mtoto wa dada yangu, anasoma MUST, chuo cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya. Akatoa betri, akashikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika kumaliza umeme uliobaki ndani. Akachomoa RAM zote mbili. Ile ya zamani akaisugua meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, taratibu, akapuliza vumbi, akairudisha peke yake kwa kuilaza kidogo hadi vile vibanio vya pembeni vikasema "tak". Akawasha. "Mama mdogo, tusubiri, RAM ikiguswa mashine wakati mwingine huchelewa kuonyesha picha." Hatukusubiri sana. Maiti ikafufuka.

Akaniwekea vipande vyote viwili kiganjani, nisome lebo. Cha zamani kimeandikwa PC3L-12800S. Cha fundi, PC3-12800S. Herufi L ndiyo iliyokosekana, basi! Yenye L inatumia volti 1.35, isiyo na L inataka 1.5, na laptopu nyingi za aina ya yangu, zile za prosesa ya kizazi cha nne, zinaitaka ile ya umeme mdogo tu. Ubaya ni kwamba zote zina meno 204 na pengo mahali pamoja, kwa hiyo inaingia bila ubishi. Ingekuwa DDR4, RAM za kizazi kilichofuata, isingeingia kabisa. Sasa mtu anayeuza hivi vitu kutwa nzima hasomi lebo?

Nikarudi Mwanjelwa na kipande mkononi. Akakitazama, akasema, "Ee, huwa inatokea." Pole hakuna. Ila akafungua droo, akanipa chenye L, hakudai risiti wala nyongeza, akakifunga mwenyewe, na safari hii skrubu zote zikarudi. Tangu hapo mashine inakimbia, nafungua kurasa za mkopo za vijana watatu kwa mpigo haigandi.

Nilishapanga kumpa nyota moja. Halafu nikafikiria, bei yake ni nafuu kuliko ya wale wa Kabwe, na kubadilisha bila maneno mengi si kila duka linakubali. Nikasema nimpe tatu.

Lakini nilipomkumbusha buku tano yangu ya kupima, akacheka, akasema, "Mama, ile ilikuwa kazi." Nyota moja. Ukienda kwake, soma lebo kabla hajachomeka, mashine isipowaka mwambie achomoe alichoweka ukiwa umesimama hapo hapo, na hela ya kupima usitoe.