Madigadi ya MGB: ya zamani au mapya?

Madigadi ya mbele ya MGB, gari la Uingereza lililotengenezwa 1962 hadi 1980, hufungwa kwa bolti. Kuyabandua ni rahisi. Kuyakalisha sawa ndiyo kazi. Mapya niliyoagiza hayakuwa na kutu, lakini la kushoto lilitokeza nje ya mlango, na fundi wangu wa Grogan, mtaa wa gereji jijini Nairobi, akalipachika na kulitoa mara tano, akipanua tundu za bolti kwa tupa. Ya zamani, kutu ikiwa chini tu, yachomelewe kipande. Yanajua mahali pake. Mimi ningebaki nayo. Kwa yote mawili, rekebisha mlango kwanza, acha bolti zilegee, funga boneti polepole, tazama mianya, ndipo ukaze. Rangi baadaye.