Dawa za kushusha kolesteroli: ununue ipi kwanza?

Kabla hujatoa hela dukani, shika karatasi yako ya vipimo utafute mstari ulioandikwa LDL. Hiyo ndiyo kolesteroli inayojijenga kwenye kuta za mishipa, na dawa zote hapa hupimwa kwa jinsi zinavyoishusha. Mwulize daktari anataka yako ifike ngapi. Kwa aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, mwongozo wa Ulaya wa 2019 unataka chini ya 1.4 mmol/L.

Namba moja kwangu ni atorvastatini. Miligramu 10 hushusha LDL kwa takriban asilimia 35 hadi 40, na 80 huvuka asilimia 50. Unaimeza saa yoyote, na mwenye shida ya figo kwa kawaida hapunguziwi dozi. Tena bei yake inashikika: hataza ya Lipitor, atorvastatini ya kampuni iliyoanza kuiuza, iliisha Marekani mwaka 2011, na sasa viwanda vingi vinaitengeneza, vya India vikiwemo. Geuza boksi usome maandishi madogo chini ya jina la biashara. Kama ni atorvastatini, miligramu ni zile ulizoandikiwa, na imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi yako (Tanzania ni TMDA), chukua ya bei nafuu bila wasiwasi. Uliza bei ya mwezi mzima, maana dawa hii ni ya miaka. Ya bei kali unayoiacha mwezi wa tatu haikusaidii kitu.

Rosuvastatini inaifuata kwa karibu sana. Kwa miligramu zilezile ina nguvu zaidi: 10 zake hushusha karibu asilimia 45. Bei zikilingana, au atorvastatini isipokufikisha kwenye lengo, hamia huku. Mwenye figo zilizochoka sana asiitumie bila dozi yake kupangwa upya. Na kama unatumia dawa za kiungulia zenye alumini na magnesi, meza rosuvastatini kwanza, hizo zisubiri saa 2.

Simvastatini inastahili heshima. Mwaka 1994 utafiti wa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wa moyo ulionyesha kuwa inapunguza vifo kwa asilimia 30. Lakini kwa mnunuzi wa leo naiweka ya tatu: ni dhaifu zaidi, inataka kumezwa jioni, na inagombana na dawa nyingi. Klarithromisini, antibiotiki, ni mojawapo. ARV zenye ritonavir nazo hazichanganywi nayo kabisa. Kama unazitumia, mwombe mfamasia mkae pembeni umwambie, hata kama daktari aliyekuandikia hakuuliza.

Ezetimibi usiinunue kuwa mbadala wa hizo, inunue kama nyongeza. Ukiongeza dozi ya statini (kundi la hizo tatu za juu) mara mbili, LDL hushuka kwa asilimia 6 hivi tu zaidi. Ukiongeza ezetimibi, hushuka kwa karibu asilimia 20 zaidi. Wengi hupandishiwa dozi hadi misuli inauma kabla hawajatajiwa dawa hii. Itaje wewe.

Sindano za evolokumabu na alirokumabu hushusha kwa karibu asilimia 60, ila ni ghali mno. Waachie wenye kolesteroli ya kurithi na wale ambao vidonge vimeshindwa.

Vidonge vya kitunguu saumu na chai za "kusafisha mishipa" usivitolee hela ya dawa. Mchele mwekundu uliochachushwa una monakolini K, ambayo ni lovastatini yenyewe, statini nyingine, tena kwa kiasi usichokijua.

Mjamzito, au anayepanga kubeba mimba, azungumze na daktari kabla ya kununua statini yoyote. Maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo mweusi ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Tenga na hela ya kurudia kipimo kati ya wiki ya 4 na ya 12. LDL ikiwa haijashuka, mwambie daktari ukweli wa siku ulizoruka kabla hajakuongezea dozi.