Gumba langu lilikataliwa: laini niliyosajili Mbeya

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya mlinzi wa mlangoni, kampuni ya simu isijisifu nayo.

Mimi ni Mkenya, nafundisha Kiingereza katika shule ya inglishi midiamu hapa Mbeya. Mambo ya kasi na bei za vifurushi mtajitafutia kwenye menyu. Mimi nina neno na lile duka lao la huduma kwa wateja, upande wa Kabwe.

Jumapili usiku ni saa yangu na mama, yuko Bungoma. Tunaongea kwa WhatsApp, maana ukipiga kawaida kutoka +255 kwenda +254 salio linayeyuka bado mnasalimiana, na mama lazima aulizwe habari za kila ng'ombe. Sasa Jumapili moja, majira yale ya baridi ya kukata masikio, mchana nimeunga kifurushi cha wiki, jioni laini imefungwa. Eti usajili una tatizo, fika dukani na pasipoti. Mwenyeji ana namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, hata vijana wa mwavuli barabarani wanamsajili. Mgeni ni dukani tu.

Kesho yake nikaomba ruhusa ya vipindi viwili. Foleni hadi mlangoni. Nilipofika dirishani nikasema kama tunavyosema kwetu: "Nipe laini yangu irudi." Binti hata hakuinua macho.

"Dada, hapa watu wanaomba. Kwenu mnaamrishana?"

Foleni ikacheka. Mimi, ninayeshinda nikifundisha watoto wa watu kuomba kwa adabu kwa Kiingereza!

Nikameza. Tukaja kwenye vidole. Gumba la kulia, mashine ikakataa. La kushoto, ikakataa. Chaki na baridi vilikuwa vimenikausha ncha za vidole zikawa kama ganda la kiazi. Binti akatangaza, "Huyu hana alama kabisa," utadhani nimezipeleka sokoni Mwanjelwa nikauza. Kisha: "Anayefuata!"

Nilitoka machozi yakiwa karibu. Mlinzi, mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, akaniuliza nimefiwa? Nikamweleza. Akachomoa kikopo cha mafuta ya mgando mfukoni mwa koti. "Paka, mwanangu, fikicha mpaka vipate joto, kisha futa. Wakulima wa viazi wanaoshuka kutoka milima ya Uporoto nawapaka haya haya. Halafu nenda dirisha la pili, usirudi kwa yule." Mashine ikanikubali mara moja. Nikamwambia ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, kwa lafudhi yangu mbovu, akacheka mpaka akakohoa.

Yaani kampuni ina mashine, kompyuta na viyoyozi (viyoyozi, Mbeya!), lakini anayejua kazi ni mzee wa nje mwenye kikopo.

Hata hivyo nisiwe mwongo. Usiku ule picha ilikuwa safi kuliko siku zote. Mama alinizungusha boma zima, nikamwona ndama mpya mpaka kope zake, na haikukatika hata mara moja. Nikasema basi, nyota tatu, hata nne, hasira ni hasara. Na binti naye, tuseme ukweli, nusu alikuwa sahihi: "nipe" yetu huku inasikika kama kofi.

Nne hizo zilidumu siku chache. Ujumbe ukaingia: kifurushi chako kimeisha muda. Kifurushi kile kile walichokifungia ndani wao wenyewe, sijakimaliza hata nusu! Nikapiga huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaukariri. Hawakurudisha hata senti. Kwa hiyo tumerudi kwenye moja, ya mzee.

Jumapili iliyopita simu ilipokewa na kaka yangu. Nikamwambia, "Naomba niongee na mama." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Samahani, wewe ni nani?"